Maisha ya Robert Koch, na kikohozi cha bibi

Kila tarehe 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Sisi wauguzi wa jamii huku Bukoba na Muleba tunapopita vijijini kuhamasisha upimaji wa makohozi, mara nyingi kuna mama anauliza kwa nini ni tarehe hiyo na si nyingine. Jibu ni daktari mmoja Mjerumani, Robert Koch. Nakusimulia maisha yake wewe mama au mlezi unayemtunza mzee, kwa sababu kanuni nyingi za kuzuia maambukizi zinatoka kwenye kazi yake. Na kazi hiyo ilifika hadi huku kwetu, kwa mema na kwa mabaya.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, mtoto wa mtumishi wa migodi. Alisomea udaktari Göttingen, baadaye akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Maabara hakuwa nayo. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kuonea wagonjwa akaweka darubini, na kazi ya mchana ilipokwisha, anakaa hapo. Kwa njia hiyo, mwaka 1876 alionyesha kwamba kimeta cha mifugo kinaletwa na bakteria ambaye mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi.

Wakamhamishia Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya wanasayansi wenzake akaeleza kwamba amempata mdudu wa kifua kikuu. Wakati huo wengi waliamini ugonjwa huu ni wa ukoo, maana ndani ya nyumba moja anaugua mama, kisha binti, kisha mjukuu. Bado nayasikia maneno hayo hayo kwenye kibanja baada ya kibanja: familia hii ina kifua, ni damu yao. Koch alionyesha kwamba ugonjwa haumo kwenye damu ya ukoo. Watu wa nyumba moja wanaugua kwa kuwa wanavuta hewa moja, na mmoja wao anakohoa.

Mwaka 1883 alitumwa Misri, kisha India, kufuatilia kipindupindu, na akamtambua bakteria wake. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg na kuua watu zaidi ya 8,000. Mji jirani wa Altona ulichota maji ya mto uleule, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa umeshaingia, lakini ulinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu maji yake yalichujwa kwenye mchanga. Sisi tunaokunywa maji ya Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Koch alikosea pia, na mimi sipendi masimulizi yanayoficha hilo. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kutibu kifua kikuu, tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin, lakini dawa haikuwaponya, na wengine walizidiwa. Siku hizi dawa hiyo hutumika kupimia tu, kwa kuchoma kidogo kwenye ngozi ya mkono.

Huku kwetu jina lake linaingia mwaka 1898, alipoeleza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, ulikuwa tauni. Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya kupewa Tuzo ya Nobel. Safari hii alifuata malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, uliokuwa unamaliza watu kando ya ziwa. Aliweka kambi kwenye visiwa vya Sese, Uganda, akawadunga wagonjwa dawa yenye sumu ya aseniki, atoksili. Mwanzoni walionekana kupata nafuu. Ilipoonekana haitoshi akaongeza kipimo, na baadhi yao wakapofuka kabisa. Watu wale walikuja kutafuta uzima, na sidhani kama kuna aliyewauliza kama wanakubali. Ndiyo maana leo mgonjwa, hata akiwa mzee asiyejua kusoma, ana haki ya kuelezwa dawa ni ya nini na ina madhara gani.

Kabla ya safari hiyo, mwaka 1902, alifanya kazi moja ambayo haisimuliwi sana. Akifuatilia homa ya matumbo nchini Ujerumani, aligundua watu wenye afya kabisa waliobeba vijidudu na kuwaambukiza wengine. Fikiria hilo kwenye makazi ya wazee, kama yale ya Kiilima hapa Bukoba, au nyumbani kwako. Anayepika uji anaweza asiugue hata siku moja. Kwa hiyo kila mmoja ananawa kwa maji tiririka na sabuni baada ya chooni, kabla ya kupika na kabla ya kumlisha mzee, na tusinyoosheane vidole.

Sasa nirudi kwenye kikohozi. Kuna bibi mmoja niliyemkuta amekohoa miezi, wanawe wakisema ni uzee. Alilala kitanda kimoja na mjukuu wa miaka mitatu, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Alikuwa amekonda, jioni anapata homa, lakini hakukohoa kwa nguvu kama kijana, na hapo ndipo wazee wanatupita. Mzee akikohoa wiki mbili au zaidi, apimwe makohozi. Akikonda, akichoka au akitoka jasho usiku bila sababu, mpeleke hata kama kikohozi ni kidogo. Matibabu kwenye vituo vya serikali ni bure, na kwa kawaida huchukua miezi sita bila kukatisha.

Watoto wa nyumba hiyo nao wachunguzwe. Walio chini ya miaka mitano wasio na ugonjwa hupewa dawa ya kinga, hata kama walichanjwa BCG. Bibi afunike mdomo anapokohoa, ateme kwenye kopo lenye mfuniko, na mtoto alale kwingine kwanza. Fungua madirisha mchana. Koch mwenyewe alionyesha kwamba mwanga wa jua unamuua mdudu huyu. Usimtengee bibi sahani wala kumnyima mkono, kwani kifua kikuu hakiambukizi kwa vyombo wala kwa kushikana.

Koch alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Dawa ya kwanza iliyoponya kifua kikuu ilipatikana zaidi ya miaka 30 baadaye. Yule bibi alimaliza dozi yake, na mjukuu alikunywa dawa ya kinga hadi mwisho, ingawa alizitema mara nyingi mpaka mama yake alipoanza kuzisaga na kuchanganya na uji.