JOHN VON NEUMANN NA MIPAKA YA KUMBUKUMBU YA KOMPYUTA

Soma habari ifuatayo kisha jibu maswali.

John von Neumann alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903. Tangu utotoni alisifika kwa wepesi wa kukokotoa hesabu kichwani. Mwaka 1926 alipata shahada ya uzamivu katika hisabati. Mwaka 1930 alikwenda Marekani kufundisha Princeton, akawa raia wa nchi hiyo mwaka 1937.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alishiriki katika mradi wa bomu la atomiki. Hesabu za mradi huo zilikuwa ndefu mno kufanywa kwa mkono. Mwaka 1944 akapata habari za ENIAC, kompyuta iliyokuwa ikijengwa ikiwa na mirija ya elektroni ipatayo 18,000. Mashine hiyo ilikuwa na kasi kubwa, lakini kumbukumbu yake ya kazi ilishika namba 20 tu kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na tarakimu 10. Tena, ili kubadili kazi, ilibidi nyaya zichomolewe na kupangwa upya.

Mwaka 1945 aliandika ripoti iliyoeleza kompyuta ambayo maagizo na data hukaa katika kumbukumbu moja. Mpangilio huo ndio unaofuatwa na kompyuta nyingi hadi leo. Hata hivyo, ripoti ilitoka kwa jina lake peke yake, ilhali wajenzi wa ENIAC, J. Presper Eckert na John Mauchly, walikuwa wamechangia mawazo hayo. Jambo hilo lilizua ugomvi mkubwa.

Mwaka 1950 yeye na wenzake walitumia ENIAC kutabiri hali ya hewa ya Amerika Kaskazini. Ramani iligawanywa katika vituo 270. Kwa kuwa kumbukumbu haikutosha, majibu ya kila hatua yalitobolewa kwenye kadi, kisha kadi zikarudishwa mashineni kwa hatua iliyofuata. Utabiri wa saa 24 ulichukua takribani saa 24 kukokotolewa. Yaani ulikamilika wakati hali yenyewe ya hewa imekwisha kufika.

Kompyuta aliyoisimamia Princeton, iliyozinduliwa mwaka 1952, ilikuwa na nafasi 1,024 za kumbukumbu, kila moja ya biti 40. Programu na data zote zililazimika kugawana nafasi hiyo ndogo.

Von Neumann alifariki kwa saratani tarehe 8 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 53. Kumbukumbu za kompyuta zimekua sana tangu hapo, lakini mipaka haijaisha. Kwa mfano, programu inayotumia anwani za biti 32 haiwezi kufikia zaidi ya baiti 4,294,967,296 kwa wakati mmoja, hata kama kompyuta ina nafasi kubwa zaidi. Mwanasayansi mwenye data nyingi kuliko hizo hana budi kuigawa kazi yake vipande vipande, kama walivyofanya wale wa kadi.

Maswali
1. Kwa nini kadi zilihitajika katika utabiri wa mwaka 1950?
2. Kumbukumbu ya kompyuta ya Princeton ilikuwa na baiti ngapi? (Baiti 1 = biti 8)
3. Je, Eckert na Mauchly walikuwa na haki ya kulalamika? Toa sababu.