Habari za Kimweri, Sultani wa Vugha, na Haki Iliyokufa Pamoja Naye

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Hakimu wa mahakimu, ambaye hamdhulumu mja hata kwa uzito wa chembe. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Hizi ni habari za Kimweri, ajulikanaye kwa jina la Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala milima ya Usambara tangu yapata mwaka 1815 hata mwaka 1862. Hakuwa Muislamu, wala hapana haja ya kumpamba kwa sifa asizokuwa nazo. Lakini watu wa mwambao, kutoka Vanga hata Pangani, walimjua na kumcha, na mashauri yao yalifika mbele yake. Na masaibu yaliyoipata nchi yake baada ya kufa kwake yaliteremka hata pwani, yakaingia katika majumba ya watu na katika mashamba yao. Kwa hiyo yapasa watu wa pwani wazijue habari hizi, wala wasiseme kuwa ni za watu wa mlimani peke yao.

ASILI YA UFALME

Ukoo wa Kimweri ni Wakilindi, nao si wenyeji wa Usambara. Babu yao ni Mbegha, mwindaji wa Nguu. Wazee wasimulia ya kuwa jamaa zake walimfukuza kwa sababu alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, nao katika ujinga wao wakadhani kuwa mtoto kama huyo huleta mauti. Akaenda na mbwa wake hata akafika Usambara, akawa akiwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akiwagawia watu nyama, nao wakimpa vyakula vyao.

Wasambaa wa zama hizo walikaa kila ukoo na kilima chake, wala hapana mtu wa juu yao wote. Ukoo wenye watu wengi ulipoudhulumu ukoo dhaifu, yule dhaifu hakuwa na pa kushitaki. Mbegha hakuwa wa ukoo wowote katika wao, basi wakaanza kumpelekea magomvi yao, naye akawaamua. Walipoona kuwa hampendelei mtu, watu wa Vugha wakamtawalisha. Msingi wa ufalme ule basi haukuwa upanga, ulikuwa hukumu. Walimtaka mgeni kwa kuwa mgeni hana upande. Haya ndiyo masimulizi ya Wakilindi, na yameandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, aliyemtumikia Semboja mwana wa Kimweri, na baadaye akawa Liwali wa Tanga, katika kitabu chake Habari za Wakilindi.

BARAZA YA VUGHA

Vugha ni mji ulio juu ya mlima, si mbali na Soni, katika nchi ya Lushoto. Nyumba zake zilikuwa za msonge, zimezungukwa na migomba. Hapo ndipo alipokaa Kimweri, na hapo ndipo zilipokwenda hukumu kubwa za nchi nzima, toka Usambara hata Bonde.

Taratibu yake ilikuwa hivi. Kimweri alioa wake wengi, akazaa wana wengi, na kila mwana alipokuwa mtu mzima alimpeleka kutawala mlima wake au bonde lake. Huko mwana alikuwa zumbe, akiamua mashauri madogo ya watu wake na kukusanya kodi ya baba yake. Lakini shauri la damu halikuwa lake. Kuhukumu mtu afe kulikuwa kwa mfalme peke yake, Vugha. Na katika mji wa Vugha wana wa mfalme hawakuachiwa kukaa. Wenye kuushika mji na kusimamia baraza walikuwa wazee wa raia, wasio wa ukoo wa Kilindi, nao ndio waliokuwa na kazi ya kumtawalisha mfalme mpya.

Mwenye akili na autazame mpango huu, ataona hekima iliyomo. Raia akidhulumiwa na raia mwenzake, anaye zumbe wa kumwamulia. Na akidhulumiwa na zumbe mwenyewe, hupanda Vugha kwa mfalme, na mfalme ni baba wa yule mdhalimu, aweza kumwondoa mahali pake na kumweka mwingine. Mwana humwogopa baba. Na mtu aliyekuwa akiandamwa na wenye nguvu aliweza kukimbilia nyumba ya mfalme akaomba hifadhi, akawa mtu wa mfalme, wala adui zake hawakuthubutu kumgusa.

Wasambaa wana maneno mawili ambayo kwayo humpima mtawala. La kwanza ni kuzifya shi, maana yake kuitengeneza nchi na kuiponya. La pili ni kubana shi, maana yake kuiharibu nchi na kuivunja. Katika itikadi yao, mfalme mwenye nguvu asiyeshindaniwa na mtu huiponya nchi, mvua ikanyesha na migomba ikazaa. Ama wakuu wakishindana nguvu kwa nguvu, nchi huharibika na njaa huingia. Muislamu ajua ya kuwa mvua i mkononi mwa Mwenyezi Mungu, haiko katika uganga wa mfalme. Lakini ya kuwa dhuluma ya wakuu huleta njaa, hilo ni kweli iliyoshuhudiwa kwa macho, kwani mkulima hawezi kulima na huku ameshika roho yake mkononi.

KIMWERI NA WATU WA PWANI

Enzi yake ilishuka hata bahari. Sayyid Said bin Sultan alikuwa na bandari, naye Kimweri alikuwa na nchi iliyo nyuma ya bandari, na kila mmoja akamhitaji mwenzake. Ikawa madiwani wa miji ya mwambao baina ya Vanga na Pangani huthibitishwa na pande zote mbili. Waislamu wa pwani walikuwako katika baraza yake, wakimsomea na kumwandikia barua, na baadhi ya wanawe walisilimu katika uhai wake.

Wazungu nao walimfikia. Krapf, mmisionari aliyekuwa Mombasa, alikwenda Vugha mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akaona jinsi neno la mfalme lilivyotiiwa mwendo wa siku nyingi kutoka mji wake. Mwezi wa Februari mwaka 1857 walikuja Burton na Speke, nao wakamkuta ni mzee sana na mgonjwa, akitaka kwao dawa ya kumrudishia nguvu. Dawa hiyo hawakuwa nayo, wala hakuna mwanadamu aliye nayo.

AIBU ZILIZOKUWAMO

Insafu yataka kusema yaliyo mema na yaliyo mabaya. Hata katika zama za Kimweri watu waliuzwa. Aliyehukumiwa kwa uchawi, au aliyeua, huenda akawa mtumwa yeye na jamaa zake, na wengine waliteremshwa pwani wakauzwa. Hakimu ambaye hukumu yake humtia yeye mwenyewe mali ana fitina mlangoni kwake, hata akiwa mwema. Kimweri aliuacha mlango ule wazi kidogo, na waliokuja baada yake wakaung'oa pamoja na miimo yake.

Aibu ya pili ni kuwa haki yote aliijenga juu ya utii wa wana kwa baba yao. Hapakuwa na sheria iliyo juu ya ukoo, bali ukoo wenyewe ndio uliokuwa sheria. Maadamu baba yu hai, nyumba husimama.

Na ya tatu ilikuwa bunduki. Wazigua waliokuwa karibu na njia za biashara walizipata mapema, wakawashinda watu wa Kimweri katika nyika. Mfalme alikaa mlimani kama walivyokaa baba zake, na mali ya zama mpya ikapita chini yake, katika njia za misafara kando ya mto wa Pangani. Mwanawe Semboja aliyetawala Mazinde, chini ya mlima katika njia hiyo, aliyaona hayo. Akafanya urafiki na wafanya biashara, akavaa mavazi ya pwani, akajiwekea bunduki na baruti. Baba alikuwa na heshima, na mwana alikuwa na silaha.

KUFA KWAKE NA MAMBO YALIYOFUATA

Kimweri alikufa mwaka 1862. Mwanawe mkubwa, Mshuza, alikuwa amekwisha kufa mbele yake, basi wazee wa Vugha wakamtawalisha Shekulwavu mwana wa Mshuza, naye ni kijana. Hapo ndipo msingi wa nyumba ulipopasuka. Mazumbe wa milima yote walimwogopa Kimweri kwa kuwa ni baba yao, lakini Shekulwavu alikuwa mtoto wa ndugu yao. Nani katika wao atakubali kuondolewa mahali pake na mtoto aliyempakata? Raia aliyedhulumiwa akapanda Vugha kama desturi, na mfalme akamsikiliza, na hukumu ikatolewa, lakini hapana aliyeitii. Baraza ilikuwapo na mwenye kuhukumu alikuwapo, na nguvu ya kuipitisha hukumu haikuwapo.

Semboja akainuka juu ya mtoto wa ndugu yake. Akakusanya watu wake wa bunduki, na Wataita na Wamasai wakimsaidia kwa ajili ya ngawira, akaipiga Vugha, akamtoa Shekulwavu na kumweka mwanawe mwenyewe katika kiti. Shekulwavu akakimbilia upande wa mashariki, akatafuta msaada kwa Wabondei. Nao Wabondei walikuwa wamechoka na mazumbe wa Kilindi waliokuwa wakinyang'anya watoto wao na wake zao. Mwaka 1868 wakainuka wote, na mainuko hayo huitwa Kiva. Wakawaua Wakilindi na kuwatoa katika nchi yao, na waliowakamata wakawauza kama walivyokuwa wakiuzwa wao.

Tangu hapo hapakuwa na Usambara moja. Kila mwana wa nyumba ile alikuwa na mlima wake, na bunduki zake, na njia yake ya kupelekea watu pwani. Bunduki hununuliwa kwa watu, na watu hukamatwa kwa bunduki, mduara usio na mwisho. Waliokuwa mahakimu wakawa wanyang'anyi, na mtu akatafutiwa kosa ili auzwe. Wana wa baba mmoja wakawa maadui, na raia akawa nyasi chini ya miguu yao. Ufalme uliosimama kwa sababu wanyonge walitaka wa kuwaamulia ukageuka kuwa koo za wenye nguvu wasio na wa kuwaamua, kama ilivyokuwa kabla ya Mbegha, ila sasa na baruti.

Semboja aliishi hata mwaka 1895. Mwaka huo huo Wadachi walimtundika Mputa mwanawe, aliyekuwa mfalme wa Vugha, wakamtawalisha Kinyashi mwana wa Shekulwavu. Lakini kiti alichopewa kilikuwa kitupu. Wadachi wakajenga mji wao Lushoto na kuuita Wilhelmstal, na hukumu za damu zikatoka Vugha zikaenda bomani. Nyumba iliyokataa kuhukumiana kwa haki ililetewa hakimu kutoka mbali asiyeijua lugha yake.

MAZINGATIO

Ewe msomaji, usiseme kuwa hao walikuwa washenzi wa mlimani. Uliza, watu wale waliuziwa nani? Walishuka Pangani na Tanga. Walilima miwa ya Pangani, na wengine walivushwa kwenda kuchuma karafuu Unguja na Pemba. Soko la Unguja lilifungwa na Sayyid Barghash mwaka 1873, na hata baada ya hapo watu waliendelea kupitishwa kwa siri. Waliowanunua walikuwa wakisali sala tano. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, kumuuza mtu huru ni batili, na thamani yake ni haramu. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha ya kuwa mwenye kumuuza mtu huru na kula thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye mshindani wake Siku ya Kiyama. Basi yule mkulima wa Bumbuli aliyetekwa shambani mwake alikuwa huru. Kadhi wa mjini hakuuliza alitoka wapi, na mnunuzi hakutaka kujua. Mnyang'anyi wa mlimani hawi mnyang'anyi mwaka wa pili asipopata mnunuzi wa pwani mwaka wa kwanza.

Na katika habari za Kimweri mna mafunzo kwa kila mwenye kukaa barazani, awe kadhi, au liwali, au mzee wa mtaa. La kwanza, haki haina budi kuwa juu ya ukoo, kwani haki inayoegemea heshima ya mtu mmoja huzikwa pamoja naye. La pili, hakimu asiwe na faida katika hukumu yake. La tatu, mwenye kuamua na asitazame nguvu za mdhulumu, atazame udhaifu wa mdhulumiwa, kwani dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mola wake, hata akiwa si Muislamu.

Kimweri alihukumu miaka arobaini na zaidi, na raia wake walilima na kuvuna. Miaka sita baada ya kufa kwake nchi ilikwisha vunjika. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kusimamisha haki, hata juu ya nafsi zetu na wazazi wetu na jamaa zetu, na atuepushe na dhuluma, iliyo dhahiri na iliyofichika. Amin. Wallahu a'lam.