Don Bosco, yatima aliyekataza fimbo kwa watoto

Katika mji wa Goma, jina la Don Bosco linajulikana kwa ajili ya kituo cha Ngangi, ndani ya komine ya Karisimbi, ambamo pia mtaa wa Ndosho unapatikana. Kituo hicho kinapokea mayatima na watoto wa barabarani, wale wanaoitwa maibobo. Mwenye jina hilo naye alikuwa yatima.

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 mwezi wa nane mwaka 1815, Becchi, kijiji cha wakulima karibu na mji wa Turin, Italia. Baba yake alikufa yeye akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama Margherita alibaki na mzigo wote. Kaka mkubwa, mtoto wa mke wa kwanza, hakutaka Yohane asome, alitaka alime. Ugomvi ulipozidi, mwaka 1828, mama alimtuma kutafuta kazi kwa watu wengine. Alikuwa na miaka 12.

Mwaka 1841 alipewa upadri, akabaki Turin. Vijana wengi walikuwa wakitoka vijijini kuja kutafuta kazi mjini, bila ndugu wala pa kulala. Alipotembelea magereza aliwakuta wamefungwa pamoja na watu wazima. Wengi walikuwa wakifunguliwa na kurudi tena, kwa kuwa nje hakuna aliyewangojea.

Tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, mtunza kanisa alimpiga na kumfukuza kijana mwashi, Bartolomeo Garelli, yatima. Don Bosco alimkaripia mtunza kanisa, akamwita kijana arudi, akazungumza naye kama rafiki. Kutoka kwa huyo mmoja wakaja mamia. Mwaka 1846 walipata nyumba Valdocco, na Mama Margherita akaja kuwapikia na kuwashonea nguo mpaka kifo chake, mwaka 1856.

Lakini kitanda na chakula havikutosha. Mafundi waliowapokea vijana waliwapiga na kuwatumikisha kazi za nyumbani. Ndipo Don Bosco akaanza kuandikiana nao mikataba: fundi amfundishe kijana kazi yake tu, asimpe mzigo unaozidi nguvu zake, amkosoe kwa maneno bila kumpiga, ampe siku ya kupumzika.

Mwaka 1877 aliandika fundisho lake. Kuna mlezi anayengoja kosa ili aadhibu, na kuna anayekaa karibu na mtoto ili kosa lisitokee. Yeye alichagua njia ya pili, akitegemea akili, dini na upendo.

Alikufa tarehe 31 mwezi wa kwanza 1888. Wafuasi wake, Wasalesiani, walifika Kongo mwaka 1911, Elisabethville, leo Lubumbashi. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1934.

Ndosho inajua uzito wa jambo hilo. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi toka Rwanda walipoingia Goma na kolera ikawaua wazazi, kituo cha mayatima cha Ndosho kilijaa watoto wasio na mtu. Leo sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inamlinda mtoto. Hata hivyo, sheria haikai gereji, sokoni wala jikoni. Huko mtoto analindwa na mtu mzima aliye karibu naye, kama Don Bosco siku ile kanisani.