Harry Marshall Ward: Mtaalamu aliyefichua siri ya kutu ya kahawa

Mkulima wa kahawa akigeuza jani na kukuta unga wa rangi ya machungwa upande wa chini, anajua mara moja kuwa ni kutu ya majani. Tunachokisahau ni kwamba kuna mtu aliyetueleza unga huo ni nini. Leo tunayaangazia maisha yake.

Harry Marshall Ward alizaliwa mwaka 1854 mjini Hereford, Uingereza, akasomea elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 25 tu, alipelekwa kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Huko kahawa ilikuwa ndiyo uti wa mgongo wa uchumi, lakini tangu mwaka 1869 kutu ilikuwa ikiyapukutisha majani na kuwafilisi wenye mashamba. Wapo walioilaumu hali ya hewa, wapo walioulaumu udongo uliochoka.

Ward alianza na jani lenyewe. Alitundika vipande vya kioo mashambani, na kwa hadubini akaona kuwa upepo unabeba chembe za uzazi za kuvu, yaani spora. Kisha akaziweka spora kwenye majani mazima yenye unyevu. Zilichipua, zikapenya kupitia vitundu vya kupumulia vya jani, na baada ya siku kadhaa madoa yakajitokeza. Ugonjwa, basi, ulikuwa ni kiumbe hai kinachokula jani kutoka ndani.

Wenye mashamba walitaka dawa. Ward aliwaambia jambo ambalo halikuwafurahisha: unga ukishaonekana, kuvu imeshaingia, jani linapaswa kukingwa mapema. Isitoshe, kupanda kahawa tupu, kilima baada ya kilima, kuliipa kuvu chakula kisicho na mwisho na kuupa upepo njia wazi.

Aliondoka mwaka 1882 bila kuiokoa kahawa ya Ceylon. Kisiwa kikageukia chai.

Lakini kazi yake haikupotea. Mwaka 1895 alikuwa profesa wa elimu ya mimea Cambridge, ambako alichunguza kutu za nyasi, namna kuvu inavyozoea aina moja ya mmea na kushindwa kuishi kwenye nyingine. Alifariki dunia mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 52.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii si ya mbali. Kutu hiyohiyo ilikwishaonekana mwaka 1861 kwenye kahawa ya porini, karibu na Ziwa Victoria. Huko porini, mibuni ilichanganyika na miti mingine, na kuvu iliishi nayo bila kuiangamiza. Ilipokuta mashamba yaliyojaa mmea mmoja, ndipo ikawa janga. Ndiyo maana mtaalamu anapotuhimiza kupulizia dawa kabla ya unga kuonekana, au kuchanganya kahawa na miti ya kivuli, tukumbuke kuwa somo hilo liligharimu kahawa ya kisiwa kizima.