MAISHA YA ABULQASIM AZ-ZAHRAWI, TABIBU WA ANDALUS

Katika mwaka wa 325 wa Hijra, nao ni 936 wa Miladi, Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu alianza kujenga mji mpya kando ya Qurtuba katika nchi ya Andalus, ambayo leo ni Uhispania, akauita Madinat az-Zahra. Kwa mji huo ndiko alikonasibiwa Abulqasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi, tabibu ambaye Wazungu walimsoma karne nyingi kwa jina walilolipotoa, Abulcasis.

Al-Humaydi, alipoandika khabari za wakubwa wa Andalus, alimhisabu katika watu wa fadhila na dini na ilimu. Na Ibn Hazm, ambaye ulimi wake haukuwa mwepesi wa kusifu watu, alikisifu kitabu chake. Kitabu hicho ni At-Tasrif, chenye makala 30, na makala ya mwisho ni ya kazi ya mkono: kuchoma kwa chuma cha moto, kupasua, na kuunga mifupa. Aliwaandikia wanafunzi wake, naye akiwaita wanawe, akachora ndani yake sura za ala karibu 200, hata mtu asiyemwona mwalimu apate kumwonyesha mhunzi kitu anachokitaka.

Wala hakuanza makala ile kwa kujisifu. Alianza kwa huzuni, kwamba kazi hii katika nchi yake na zama zake imekaribia kufa, kwa kuwa watu huishika kisu wasijue viungo vilivyo chini ya ngozi, wapi inapita mishipa na wapi yalipo maungio. Kisha akataja aliyoyaona. Tabibu mmoja mjinga alipasua uvimbe wa shingo ya mwanamke, akakata mishipa ipigayo, na yule mwanamke akamwaga damu mbele yake hata akafa. Mwingine aliitwa kumtazama mtu aliyevunjika mguu pamoja na jaraha. Akamfunga kwa nguvu juu ya mvunjiko na jaraha lenyewe, asiliachie jaraha pahali pa kupumua, akamwacha siku kadha wa kadha. Mguu ukavimba, mtu akakaribia kuangamia. Az-Zahrawi alipoitwa aliharakisha kukifungua kile kitambaa, maumivu yakapungua. Lakini uozo ulikuwa umekwisha kushika, ukazidi kupanda mpaka mgonjwa akafariki. Na mpaka hii leo wako watu wafungao jaraha kama wafungao mzigo.

Tena alikuwa mtu wa kuangalia kwanza. Siku moja aliitwa kwa kijakazi aliyejichoma kisu shingoni. Alimkuta akikoroma kama mnyama aliyechinjwa, pumzi ikitoka katika jaraha. Watu walikwisha kukata tamaa, lakini yeye alitazama damu, akaona ni kidogo, akajua kuwa mishipa mikubwa haikukatika. Basi akalishona jaraha na kulitibu, na kijakazi akapona, asibakiwe na kitu ila sauti kukwama kidogo.

Ama moto, yeye aliutegemea sana, na makala yake inaanza nao. Waislamu wanajua kuwa Mtume (s.a.w.) aliutaja moto katika dawa tatu, pamoja na asali na kuumika, wala hakuupendea umma wake; na wanajua pia kuwa yeye mwenyewe alimchoma Saad bin Muadh mshipa wa mkono alipopigwa mshale siku ya Khandaq. Kwa hivyo moto haukuwa mchezo, wala haukukatazwa kwa mwenye dharura. Watu wa kale walikuwa wakisifu chuma cha dhahabu kwa kuchomea. Az-Zahrawi aliwakhalifu kwa hoja ya mkono wake, wala si ya kitabu: dhahabu ikitiwa motoni, wekundu wake hauonyeshi imefika wapi, na upesi hupoa, na ikizidishiwa moto huyayuka, chuma ni chepesi kutumia na karibu zaidi na usalama.

Hasa aliutaka moto kwa damu. Mshipa upigao ukikatika damu hutoka kwa kuruka, na mtu huweza kufa kabla ya jamaa zake kumaliza kupiga kelele. Az-Zahrawi aliona kuwa damu hiyo husimama kwa njia nne: kuchomwa mshipa kwa chuma, au kukatwa kabisa ikiwa haukukatika wote, kwani ncha zake hujikunja, au kufungwa kwa uzi, au kutiwa dawa ya kuzuia damu na kufungwa kitambaa kwa nguvu. Kisha akamfikiria mtu aliye mbali na tabibu, asiye na chuma wala dawa. Huyo naye hakumwacha mikono mitupu. Alimwambia atie kidole cha shahada juu ya mdomo wa jaraha, akaze wala asikiondoe, amwagie maji baridi sana kwa juu, mpaka damu igande, na huku akifikiri la kufanya baadaye.

Neno hilo la kidole lina umri wa miaka elfu, na matabibu wa leo hawakulitupa. Mtu akikatwa kwa panga, au msumeno wa mashine, la kwanza ni kukandamiza jaraha kwa kitambaa safi na mkono mzito, bila ya kufunua kila mara kutazama. Kiungo kikikatika na damu isisimame, hufungwa ukanda mpana juu ya jaraha, hukazwa mpaka damu ikatike, huandikwa saa uliyofungwa, wala haufunguliwi ila na tabibu. Kipande kilichokatika hakitupwi wala hakizikwi kwa haraka. Huzungushiwa kitambaa safi chenye unyevu, hutiwa katika mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo huwekwa juu ya barafu, barafu isiguse nyama. Kwani mwaka 1962 katika mji wa Boston, Marekani, mkono wa mtoto wa miaka 12 uliokatika ulirudishwa, na tangu hapo wengi wamerudishiwa vidole na mikono.

Na chuma cha moto? Hicho sasa ni cha chumba cha kupasulia tu, nacho hupashwa kwa umeme. Mtu wa nyumbani asithubutu. Vile vile moto wa jikoni si moto wa tabibu. Aliyeungua kwa mafuta au uji hutakiwa maji baridi ya kutiririka, yasiyo barafu, kwa muda wa dakika 20, kisha kitambaa safi kisichoshika. Wako wapakao jivu, wakikumbuka Bibi Fatima (r.a.) alivyochoma kipande cha jamvi siku ya Uhud akatia jivu lake katika jaraha la baba yake. Jivu lile lilikuwa la kuzuia damu iliyokataa kusimama kwa maji. Halikuwa la kuungua. Aliyeungua hapakwi jivu, wala mafuta, wala yai.

Sasa ni mlango wa kukata viungo, na hapa ndipo ajulikanapo az-Zahrawi ni mtu gani. Kiungo kikioza kwa donda ndugu na dawa zikashindwa, aliamrisha kikatwe ili mtu asalimike. Alifunga kitambaa chini ya pahali pa kukata na kingine juu yake. Msaidizi mmoja akivuta cha chini kushuka, wa pili akivuta cha juu kupanda. Yeye akakata nyama kati yake kwa kisu kipana mpaka mfupa uonekane, kisha akaukata kwa msumeno, akizungusha kitani pande zote ili meno ya msumeno yasiguse nyama nzima. Damu ikitoka kazini, alichoma upesi au alitia dawa ya unga. Lakini uozo ukipita goti, aliona hapana hila tena ila kusalimu amri ya Mwenyezi Mungu.

Akaja kwake mtu aliyekwisha kuungua na weusi katika kidole cha mguu mpaka mguu wote, naye alikuwa amejikata mguu wake mwenyewe penye ungio, akapona. Muda mrefu ukapita, na maradhi yale yale yakamwanza katika kidole cha shahada cha mkono. Az-Zahrawi alijaribu kuyarudisha kwa dawa baada ya kuusafisha mwili. Yasirudi, yakaenda mpaka kitanga cha mkono. Mgonjwa akamtaka amkate. Az-Zahrawi akakataa: alikuwa bado akitumai dawa, na alichelea kuwa nguvu za yule mtu zimekwisha na kisu kitamuua. Yule mtu akakata tamaa naye, akarejea nchini kwake. Baadaye ikamfikia khabari kuwa amejikata mkono wote, akapona.

Az-Zahrawi angaliweza kuificha khabari hiyo, kwani yeye ndiye tabibu na yule ni mgonjwa tu. Aliiandika katika kitabu cha wanafunzi wake, katika mlango ule ule wa kukata, ili akijiwa na mtu wa namna hiyo mmoja wao apate kuijua.

Mwisho wa umri wake uliangukia katika fitna. Madinat az-Zahra iliporwa na kuharibiwa mwaka 1010, na Qurtuba ikatekwa mwaka 1013. Katika mwaka huo huo, 404 wa Hijra, ndipo wengi wanapoweka kufa kwake. Makala yake ya thelathini haikufa pamoja naye. Gerard wa Cremona aliigeuza kwa Kilatini huko Tulaytula katika karne ya 12. Mwaka 1465 Sharafuddin Sabuncuoglu wa Amasya alikitegemea katika kitabu chake cha Kituruki cha upasuaji. Mwaka 1497 ilipigwa chapa Venice. Na mwaka 1778 John Channing aliitoa Oxford kwa Kiarabu na Kilatini pamoja.