Alan Blumlein: Gwiji wa sauti aliyefariki kabla ya kuonja matunda ya jasho lake

ANAYESIMAMA katika makutano ya Mamboleo, viungani mwa jiji la Kisumu, hahitaji kugeuza shingo ili ajue kama matatu inayopiga honi yatoka upande wa Kakamega au upande wa Miwani. Masikio humwarifu papo hapo. Lakini mtu huyo huyo afikapo nyumbani, akavaa hedifoni na kufungulia muziki wa benga, gita na ngoma humjia kana kwamba zinapigwa ndani ya fuvu la kichwa chake.

Kwa miongo mingi wahandisi wamejitahidi kuiondoa kasoro hiyo, ili anayesikiliza kwa hedifoni ahisi amezungukwa na sauti mithili ya mtu aliyeketi katikati ya ukumbi. Miongoni mwa waliouweka msingi wa juhudi hizo ni Mwingereza aliyeaga dunia mnamo 1942 akiwa na umri wa miaka 38 pekee, na ambaye habari za kifo chake zilifunikwa kwa sababu za kivita: Alan Dower Blumlein.

Blumlein alizaliwa Juni 29, 1903, katika mtaa wa Hampstead, London. Babake, Semmy, alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyechukua uraia wa Uingereza. Mamake, Jessie, alikuwa binti ya mmishenari aliyehudumu Afrika Kusini.

Utotoni alichelewa mno kujua kusoma. Hata hivyo, hesabu na mambo ya umeme yalimkaa moyoni tangu akiwa mdogo. Alisomea uhandisi katika chuo cha City and Guilds jijini London, akafuzu kwa shahada ya daraja la kwanza.

Kazi yake ya awali, aliyoianza 1924, ilihusu nyaya za simu za masafa marefu. Mnamo 1929 alijiunga na kampuni ya santuri ya Columbia, ambayo miaka miwili baadaye iliungana na kampuni nyingine na kuzaa EMI.

Ilikuwa mwaka huo wa 1931 alipokwenda sinema pamoja na mchumba wake, Doreen. Filamu zenye sauti zilikuwa bado ngeni, na sauti yote ilitoka katika spika moja. Mwigizaji alivuka kutoka upande mmoja wa pazia hadi mwingine, lakini sauti yake ikasalia pale pale. Inasimuliwa kuwa Blumlein alikerwa na jambo hilo, akamwambia Doreen kuwa alikuwa na njia ya kuifanya sauti imfuate mwenyewe.

Hayakuwa maneno matupu. Mnamo Desemba 14, 1931, aliwasilisha ombi la hataza nambari 394,325, lenye madai 70 ya uvumbuzi.

Kiini chake kilikuwa jinsi binadamu anavyosikia. Sauti itokayo kushoto hulifikia sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia baada ya muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Aidha, kichwa hukinga sehemu ya sauti hiyo, hivyo sikio la mbali huipata ikiwa imefifia. Ubongo hulinganisha taarifa hizo mbili na kutambua sauti imetoka wapi.

Blumlein alieleza namna ya kuzinasa tofauti hizo kwa maikrofoni mbili na kuzirejesha kwa spika mbili. Alionyesha pia jinsi mfereji mmoja wa santuri ungeweza kubeba njia mbili za sauti, kila moja katika ukuta wake. Mnamo Januari 1934 aliirekodi okestra ya London Philharmonic, ikiongozwa na Sir Thomas Beecham, katika studio za Abbey Road. Kisha akatengeneza filamu fupi za majaribio, ikiwemo ya treni zikipita katika stesheni ya Hayes.

Wakuu wa kampuni hawakuuendeleza uvumbuzi huo kibiashara. Blumlein alihamishiwa kwenye televisheni, akawa nguzo ya mtambo ambao BBC ilianza kuutumia katika matangazo yake ya kawaida Novemba 1936. Alipofariki, alikuwa na hataza 128 zenye jina lake.

Vita Vikuu vya Pili vilimwingiza katika utafiti wa rada. Alishiriki kuunda H2S, rada ya kuwawezesha marubani kuiona ardhi usiku na penye mawingu. Mnamo Juni 7, 1942, ndege aina ya Halifax iliyokuwa ikiifanyia majaribio rada hiyo ilishika moto angani na kuanguka karibu na Welsh Bicknor, Herefordshire. Wote 11 waliokuwemo walifariki.

Uchunguzi ulibaini kuwa chanzo kilikuwa nati moja ya injini ambayo haikukazwa sawasawa. Uingereza haikutaka adui ajue imempoteza nani, hivyo taifa halikupata fursa ya kumwomboleza hadharani. Alimwacha Doreen, ambaye sasa alikuwa mkewe, na wana wawili.

Santuri za stereo zilianza kuuzwa madukani mnamo 1958, zikitumia mfereji wa aina ile ile aliyoieleza. Ndipo hedifoni za stereo nazo zikaanza kuvaliwa majumbani, na tatizo jipya likazuka. Spika husikiwa na masikio yote mawili, ilhali hedifoni hulipa kila sikio sauti yake pekee. Ubongo hukosa ule mwangwi mdogo wa upande wa pili, hivyo hudhani muziki umo kichwani.

Mnamo 1961, mhandisi Benjamin Bauer wa Marekani alipendekeza tiba: sehemu ya sauti ya kushoto icheleweshwe kidogo, ipunguzwe ukali, kisha ipelekwe sikio la kulia, na ya kulia vivyo hivyo. Programu za leo huongeza vipimo vya umbo la kichwa na masikio, zikaigiza spika kadhaa mbele, kando na nyuma. Hata hivyo, kwa kuwa masikio ya watu hayafanani, wapo wanaosikia cha mbele kana kwamba kiko nyuma.

Heshima kwa Blumlein ilikawia. Mnamo 2017, miaka 75 baada ya ajali ile, waandalizi wa tuzo za Grammy walimtunuku kwa mchango wake wa kiufundi. Hakuna santuri ya stereo iliyopata kuuzwa akiwa hai.