Dkt Smith: Aliyefichua madhara ya pombe kwa mtoto tumboni

KWA muda mrefu, mama mlevi alipojifungua mtoto mdogo na dhaifu, lawama zilielekezwa kwa umaskini na uhaba wa chakula. Dkt David W. Smith wa Marekani ni miongoni mwa waliothibitisha kwamba pombe yenyewe ndiyo iliyomdhuru mtoto.

Dkt Smith alizaliwa mwaka wa 1926 na kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alijitolea kuwachunguza watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile, na mnamo 1970 akachapisha kitabu cha kuzitambua ambacho madaktari wangali wanakitumia.

Alipokuwa akifunza katika Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle, daktari kijana, Christy Ulleland, alibaini kwamba watoto wa akina mama walevi hawakuwa wakikua ipasavyo. Dkt Smith na mwenzake, Kenneth Lyons Jones, waliwachunguza na kuona sura zinazofanana: macho madogo, mdomo wa juu mwembamba na kichwa kidogo.

Mnamo 1973, jarida la The Lancet lilichapisha habari za watoto wanane wasio na undugu wowote. Walizaliwa wakiwa wafupi na wepesi, na hata walipolishwa vyema hospitalini hawakuwafikia wenzao kimo wala uzani. Hapo ndipo ilipobainika kuwa tatizo halikuwa njaa pekee.

Pombe hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake changa haliwezi kuisafisha haraka. Aidha, huvuruga usafirishaji wa virutubishi kutoka kwa mama, hivi kwamba mtoto hukosa lishe hata mama akila vizuri.

Nchini Ufaransa, Dkt Paul Lemoine alikuwa ameeleza hali iyo hiyo mnamo 1968 baada ya kuchunguza watoto 127, lakini ni wachache waliomsikiliza.

Haikuwa rahisi kuaminika. Enzi hizo, baadhi ya hospitali ziliwatilia wajawazito pombe mishipani ili kuzuia uchungu wa kujifungua kabla ya wakati.

Dkt Smith alifariki Januari 1981, akiwa na umri wa miaka 54. Miezi michache baadaye, mkuu wa afya ya umma wa Marekani aliwashauri wajawazito wasinywe pombe kabisa.

Madhara hayo hayana tiba, lakini yanaweza kuzuiwa kabisa mama akijiepusha na pombe.